Samaki, kapsuli, mbegu au mwani: omega-3 ipi inaufaa mwili wako?

Mimi na dada yangu ni wa tumbo moja. Tulianza kumeza mafuta ya samaki siku moja, kutoka chupa moja: kapsuli mbili asubuhi, mbili jioni, pamoja na chakula. Baada ya miezi mitatu tukarudi kupima damu. Triglaiseridi za dada, yaani mafuta yanayozunguka kwenye damu, zilikuwa milimoli 2.6 kwa lita, zikawa zimeshuka hadi 1.8. Zangu zilianza 2.3, zikaishia 2.4. Dada alikunja karatasi yake akaitia kwenye mkoba. Mimi nilibaki kwenye benchi nikitafuta nilipokosea, na sikuwa nimeruka dozi hata moja.

Tangu siku ile nimesoma sana habari za vinasaba na mafuta haya, maana swali langu ni la watu wengi. Kama mwili wangu si mwili wako, nichague nini? Nile samaki, nimeze kapsuli, nitegemee mbegu? Au nipime vinasaba kwanza ndipo niamue? Nitayalinganisha yote hayo hapa, na sitaficha upande ninaoegemea: vinasaba vina usemi katika jambo hili, lakini mtu anayetaka kuamua leo ataambiwa mengi zaidi na damu yake kuliko na mate aliyoyatuma maabara kupimwa vinasaba.

Tunalinganisha nini hasa

Omega-3 ni familia ya mafuta, na ndiyo inayotafutwa kwenye mafuta ya samaki. Zenye uzito kwetu ni tatu. ALA hutoka kwenye mimea: mbegu za kitani, chia, jozi, soya. EPA na DHA zimo kwenye samaki wa baharini wenye mafuta mengi, kama salmoni, sardini, vibua na heringi, na pia kwenye mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo ndio chimbuko lenyewe. Samaki huyapata mafuta hayo kwa kula viumbe waliokula mwani.

EPA na DHA ndizo zinazojengwa ndani ya utando wa seli zetu, na DHA imejaa zaidi kwenye ubongo na kwenye jicho. ALA nayo inaweza kugeuzwa kuwa EPA, kisha DHA, lakini safari yake ina vituo vingi, na kila kituo kina kimeng'enya chake, yaani protini inayoifanya kazi ya kituo hicho. Mtu akizaliwa na kimeng'enya cha polepole katika kituo kimoja, mzigo wote unakwama hapo.

Mbegu au samaki: hapa vinasaba vina neno kubwa

Jeni mbili, FADS1 na FADS2, zimekaa jirani kwenye kromosomu ya 11. Ndizo zinazobeba maagizo ya kutengeneza vimeng'enya viwili vinavyoongoza safari hiyo ya kuyageuza mafuta mafupi ya mimea kuwa marefu. FADS2 inaanza kazi, vimeng'enya vingine vinarefusha mnyororo, FADS1 inamalizia mpaka EPA inapatikana. Watu hutofautiana kwa herufi chache tu katika eneo hilo la vinasaba, na herufi hizo chache zinatosha kumfanya mmoja awe na mwendo wa kasi na mwingine wa taratibu.

Ramani ya tofauti hizi duniani inanivutia kuliko kitu kingine chochote katika mada hii. Barani Afrika karibu kila mtu ana muundo wa kasi. Ulaya wamechanganyika. Kwa wenyeji wa asili wa mabara ya Amerika hali imegeuka: walio wengi wana muundo wa polepole.

Waenuiti, wenyeji wa asili wa Greenland, wana habari yao peke yao. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mabadiliko fulani katika eneo la FADS yapo kwa karibu Waenuiti wote, ilhali ni asilimia 2 tu ya Wazungu wa Ulaya na asilimia 15 ya Wachina wa Han walio nayo. Mababu zao waliishi kwa samaki, sili na nyangumi kwa maelfu ya miaka. EPA na DHA zilikuwa tele mezani, kwa hiyo mwili ulipunguza kazi ya kujitengenezea. Mabadiliko hayo hayo yamehusishwa hata na urefu wa kimo, tofauti ya karibu sentimita 2. Na jambo hili linagusa historia nzima ya mafuta ya samaki, kwa sababu watafiti wa Denmark, Bang na Dyerberg, walianzisha shauku hii yote katika miaka ya 1970 kwa kuwachunguza Waenuiti wa Greenland. Dunia ikachukua somo kutoka kwa watu ambao vinasaba vyao vilikuwa vimeshazoea chakula hicho, ikadhani kila mwili utaitikia vilevile.

Upande wa pili kuna Pune, India, ambako familia nyingi zimeishi bila nyama wala samaki kizazi baada ya kizazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walitoa matokeo yao mwaka 2016, wakilinganisha watu wa Pune na watu wa Kansas, Marekani. Walitazama kipande kimoja kidogo katika jeni ya FADS2, kinachoongeza kasi ya kutengeneza mafuta marefu. Waliokuwa na kipande hicho kwenye nakala zote mbili, ya baba na ya mama, walikuwa asilimia 68 kule Pune na asilimia 18 kule Kansas. Asiyekula samaki, mwili wake ulilazimika kujifunza kujitengenezea, na waliojua kazi hiyo ndio waliorithisha.

Basi mwenye muundo wa kasi atosheke na mbegu? Hapana, si moja kwa moja, na hapa wauzaji wengi wa mbegu huruka ukweli. Hata safari ikienda vizuri, kinachofika mwisho ni kidogo. Kwa wanaume wazima, ALA inayogeuka EPA kwa kawaida haifiki asilimia 10, na inayofika DHA mara nyingi ni chini ya asilimia 1. Wanawake walio katika umri wa kuzaa hufanya vizuri zaidi kwa sababu ya estrojeni, homoni ya kike. Ukiongeza mbegu za kitani, EPA kwenye damu itapanda kiasi. DHA itabaki karibu palepale.

Tena kuna jambo la kuangalia kwa makini. Vimeng'enya hivi havichagui. Vinavyogeuza omega-3 za mimea ndivyo vinavyogeuza omega-6, yaani mafuta yaliyojaa kwenye alizeti, mahindi na soya, kuwa asidi ya arakidoni, ambayo mwili huitumia kutengeneza kemikali za uvimbe. Mwenye muundo wa kasi anayekula omega-6 nyingi na omega-3 kidogo atatengeneza asidi hiyo kwa wingi. Kasi yake ni upanga ukatao kuwili. Kwa mtu wa namna hiyo, kuongeza EPA na DHA zilizo tayari kuna maana, hata kama kwenye karatasi ya vinasaba ameandikiwa kwamba anageuza vizuri.

Kwa hiyo kati ya mbegu na samaki, kwa anayekula samaki, nachagua samaki bila kusita, awe na vinasaba gani. EPA na DHA za samaki zinaingia zikiwa zimekamilika, hazihitaji kupita kwenye vituo vya FADS. Mbegu ziendelee kuliwa kwa nyuzinyuzi zake na kwa uzuri wake mwingine. Mwenye muundo wa polepole ndiye anayepoteza zaidi akizitegemea peke yake.

Samaki au kapsuli

Chukua chupa ya kapsuli uitazame. Mbele imeandikwa 1000 kwa tarakimu kubwa. Igeuze. Nyuma, kwa maandishi madogo, utakuta EPA miligramu 180, DHA miligramu 120. Jumla 300. Miligramu 700 zilizobaki ni mafuta mengine ya samaki yasiyo na kazi hiyo unayoitafuta. Kapsuli nne nilizokuwa nameza kwa siku, nikiamini ni gramu 4 za omega-3, zilikuwa gramu 1.2. Niligundua hilo mezani, chupa mkononi, miezi mitatu baada ya kuanza, na nakuomba wewe uligundue kabla hujanunua.

Kipande cha gramu 100 cha salmoni kinaweza kukupa gramu 1 hadi 2 za EPA na DHA kwa mlo mmoja. Ukila mara mbili kwa wiki, kama Shirika la Moyo la Marekani linavyoshauri, unapata kiasi kinacholingana na kapsuli moja ya kawaida kila siku au zaidi ya hapo, na juu yake protini, vitamini D, iodini na seleni. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inasema mtu mzima anatosheka na miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku. Samaki wa wiki anafikisha hapo bila shida.

Kapsuli ina faida yake: dozi inajulikana, na aliyeshindwa na harufu ya samaki anaweza kuimeza. Zebaki si tatizo kubwa ndani yake kwa sababu hushikamana na nyama ya samaki kuliko mafuta, na mafuta husafishwa. Kwenye samaki, zebaki ni hoja hasa kwa wakubwa wanaokula wenzao, kama papa na nduaro. Sardini na heringi wako salama zaidi. Ila kapsuli huchacha. Toboa moja kwa sindano uinuse. Ikikupiga kwa ukali, chupa hiyo si ya kumezwa. Na imeze pamoja na mlo wenye mafuta, hasa kama lebo imeandika ethyl ester, kwani aina hiyo hufyonzwa vibaya tumboni pakiwa patupu. Huenda baadhi ya wanaoambiwa kwamba miili yao haiitikii wanameza mafuta yao na maji matupu alfajiri.

Utafiti mkubwa wa VITAL wa Marekani, uliowafuata watu 25,871 kwa miaka mitano na zaidi kidogo, ulitoa gramu 1 ya omega-3 kwa siku. Kwa ujumla wao, haukupunguza kwa kiasi cha kutegemewa jumla ya mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo. Lakini walipowatazama waliokuwa wakila samaki chini ya mara moja na nusu kwa wiki, matukio hayo yalipungua kwa asilimia 19. Wale ambao tayari walikuwa wanakula samaki wa kutosha hawakuonyesha faida hiyo. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko taarifa nyingi za jeni: unapoanzia panaamua mengi kuhusu utakapofika. Kabla ya kuuliza una jeni gani, jiulize mwezi uliopita ulikula samaki mara ngapi.

Dozi ndogo au dozi kubwa ya daktari

Kwenye triglaiseridi mambo ni tofauti kidogo. Gramu 1 haitikisi sana. Ni gramu 4 za EPA na DHA kwa siku, chini ya usimamizi wa daktari, ndizo zinazoshusha triglaiseridi zilizopanda kwa asilimia 20 hadi 30. Na hata hapo wanadamu hawafanani. Katika Chuo Kikuu cha Laval, Quebec, Kanada, watu zaidi ya 200 walipewa gramu 5 za mafuta ya samaki kila siku kwa wiki 6, ndani yake mkiwa na karibu gramu 3 za EPA na DHA. Karibu 3 kati ya kila 10 triglaiseridi zao hazikushuka kabisa. Watafiti walipopekua vinasaba hawakupata jeni moja yenye hatia. Walipata nyingi, kila moja ikisukuma kidogo, na ndipo wakaanza kuzijumlisha kuwa alama moja.

Mwaka 2021 Kaixiong Ye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walichapisha uchambuzi wa watu 81,246 wa UK Biobank, hifadhi ya Uingereza ya taarifa za afya na vinasaba. Jeni iliyojitokeza ni GJB2, ambayo madaktari wa masikio wanaifahamu kwa sababu mabadiliko yake mengine huleta uziwi wa kuzaliwa. Katika sehemu moja ya jeni hiyo, wenye herufi AG (A kutoka kwa mzazi mmoja, G kutoka kwa mwingine) waliotumia mafuta ya samaki walikuwa na triglaiseridi za chini. Wenye AA, zao zilikuwa juu kidogo. Wenye GG walikuwa wachache mno kutolewa hukumu.

Habari hiyo ilienea ikisomwa kana kwamba wenye AA wameonywa wasiguse mafuta ya samaki. Mimi siisomi hivyo. Washiriki waliulizwa tu kama wanatumia mafuta ya samaki au la. Dozi haikujulikana, wala aina. Wengi walikuwa wa asili ya Ulaya, na matokeo ya namna hii hayasafiri vizuri kwenda kwa watu wa asili nyingine. Tena triglaiseridi ni kipimo kimoja tu. Mafuta haya yana kazi nyingine mwilini, na jeni hiyo haikuzisemea.

Kuhusu dozi kubwa yenyewe kuna majaribio mawili yanayovutana. REDUCE-IT, lililotolewa mwaka 2018, liliwapa watu 8,179 EPA pekee iliyosafishwa, gramu 4 kwa siku, na matukio ya moyo yakapungua kwa asilimia 25. STRENGTH, mwaka 2020, likawapa watu 13,078 mchanganyiko wa EPA na DHA, gramu 4 pia, likasimamishwa mapema kwa kuwa halikuonyesha faida. Wapo wanaosema siri ni EPA peke yake. Wapo wanaosema mafuta ya madini waliyopewa wenzao wa REDUCE-IT kama dawa bandia yaliwadhuru, ndiyo maana EPA ikaonekana bora kuliko ilivyo. Ubishi huo haujaisha. Lisilo na ubishi ni kwamba dozi kubwa huongeza uwezekano wa mapigo ya moyo kwenda mrama: katika REDUCE-IT waliolazwa kwa tatizo hilo walikuwa asilimia 3.1 upande wa EPA na 2.1 upande wa pili. Ndiyo maana gramu 4 ni dawa. Usijipe mwenyewe, na ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda, zungumza na daktari wako kwanza.

DHA nyingi, kolesteroli na APOE

Jeni ya APOE iko kwenye kromosomu ya 19, na ina sura tatu: e2, e3 na e4. Kati ya asilimia 15 na 25 ya watu wana nakala angalau moja ya e4. Tafiti za mwanzo ziliona kwamba wenye e4 wakipewa mafuta ya samaki kwa wingi, LDL yao, ile kolesteroli mbaya, ilipanda. Zilizofuata hazikukubaliana zote. Linaloonekana wazi zaidi ni kwamba DHA nyingi huelekea kupandisha LDL kuliko EPA, na hilo halingoji e4.

Kwa vitendo: kama LDL yako tayari iko juu na unapanga kutumia dozi kubwa, ipime kabla na ipime baada ya miezi mitatu. Ikipanda, umejua. Hukuhitaji kujua sura ya APOE yako ili kuliona hilo kwenye karatasi.

Mafuta ya mwani, na mafuta ya ini

Hapa sina mengi. Mafuta ya mwani yana DHA iliyo tayari, na mengine yana EPA pia. Yanapandisha viwango vya damu kama ya samaki yanavyofanya. Asiyekula samaki kwa imani, kwa mzio au kwa hiari yake, aende hapa badala ya kubaki na mbegu, na mwenye muundo wa polepole wa FADS asiyekula samaki aende upesi zaidi. Soma lebo, kwani baadhi yana DHA tupu. Mafuta ya ini la samaki ni kitu kingine: yana vitamini A na D nyingi, na mjamzito ayaepuke kwa sababu vitamini A ikizidi humdhuru mtoto tumboni.

Kipimo cha mate au kipimo cha damu

Kipimo cha vinasaba unakifanya mara moja na jibu halibadiliki maishani. Unatema mate kwenye kichupa, unatuma, unapokea ripoti yenye rangi. Kuhusu FADS kinaweza kukuambia jambo la kweli: kwamba wewe unageuza ALA haraka au polepole. Kuhusu triglaiseridi, ripoti nyingi zinashika herufi moja au mbili kati ya nyingi zinazosukumana, na kukuandikia hukumu yenye uhakika ambao sayansi haijaupata. Tena ukishapima, APOE inaweza kutokea kwenye ripoti, na e4 hiyo hiyo inahusishwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu. Ulikwenda kuuliza habari za samaki, ukarudi na habari zinazowagusa wazazi wako, ndugu zako na watoto wako bila wao kuulizwa. Simkatazi mtu. Nasema aamue hilo kabla ya kutema mate.

Kipimo cha damu kinapima kilichotokea. Kuna kile kinachoitwa kielezo cha omega-3, kilichopendekezwa mwaka 2004 na watafiti William Harris na Clemens von Schacky: asilimia ya EPA na DHA katika utando wa chembe nyekundu za damu. Chini ya 4 ni chini mno. Kuanzia 8 ndiko wanakolenga. Chembe nyekundu huishi karibu siku 120, ndiyo maana kupima wiki mbili baada ya kuanza ni kupoteza damu bure. Ngoja miezi mitatu au minne. Namba hiyo imeshabeba kila kitu ndani yake: FADS yako, uzito wako (mwenye mwili mkubwa huhitaji dozi kubwa zaidi), jinsi tumbo linavyofyonza, samaki uliyekula, siku ulizosahau.

Triglaiseridi nazo zipimwe, lakini kwa tahadhari niliyoipata kwa kuumia. Kwa mtu yuleyule, bila kubadilisha chochote, zinaweza kuyumba kwa asilimia 20 hivi kati ya kipimo na kipimo. Pombe ya juzi, sukari ya jana, homa inayokuja, yote yanaandikwa humo. Sisi ndugu wawili tulipima mara moja kabla na mara moja baada, tukatoa hukumu: wewe unaitikia, wewe huitikii.

Tuliacha kapsuli kwa miezi minne, tukaanza upya kwa utaratibu. Safari hii tulipima mara mbili kabla ya kuanza, wiki moja katikati, asubuhi, bila kula kwa saa 12. Zangu, bila kapsuli yoyote, zilisoma 2.4 na 1.9. Kushuka kote kwa dada kwa mara ya kwanza, ambako tulikuita mwitikio, kuliweza kuwa nusu yake ni kuyumba kwa kawaida. Na kusimama kwangu vilevile. Kisha tukapima kielezo cha omega-3, mwanzo na baada ya miezi minne ya dozi ileile. Cha dada kilitoka 4.6 hadi 7.4. Changu kilitoka 4.3 hadi 7.1. Mafuta yalikuwa yamefika mwilini mwangu sawa na mwilini mwake. Ndugu wa baba na mama mmoja huchangia kwa wastani nusu ya vinasaba, kwa hiyo huenda tofauti yetu kwenye triglaiseridi ni ya kweli, lakini si kubwa kama nilivyoamini pale kwenye benchi.

Nani achague nini

Kama unakula samaki wenye mafuta mara mbili kwa wiki na huna tatizo la triglaiseridi, endelea. Kapsuli haitakuongezea mengi, na kipimo cha vinasaba hakitabadilisha mlo wako. Kama huli samaki kabisa, chagua mwani, au kapsuli ya samaki kama hakuna kinachokuzuia, usihesabu kapsuli bali uhesabu miligramu za EPA na DHA, halafu pima kielezo chako baada ya miezi minne. Kikibaki chini ya 5 au 6 na umekuwa mwaminifu, ongeza dozi kidogo kabla ya kulaumu jeni.

Anayeweza kufaidika kweli na kipimo cha mate ni yule aliyeazimia kuishi kwa mimea pekee, bila hata mwani, na anataka kujua kama mwili wake unaweza kuibeba kazi hiyo, hasa akiwa mwanamke anayepanga kupata mimba au anayenyonyesha, kwa kuwa mtoto huchukua DHA kutoka kwa mama. Hata kwake, ningemwambia apime damu pia.

Na mwenye triglaiseridi za juu sana, kapsuli za dukani si jibu lake. Aende kwa daktari akiwa na vipimo viwili mkononi, aulize kuhusu sukari, pombe, uzito na dawa, na dozi ya gramu 4 ijadiliwe hapo, pamoja na historia ya mapigo ya moyo wake.

Dada amebaki na kapsuli zake, sasa zile zenye EPA na DHA nyingi zaidi kwa kidonge kimoja, kwa sababu hapendi harufu ya samaki jikoni. Mimi nimeziacha. Nakula sardini Jumanne na vibua Ijumaa, nimepunguza sukari kwenye chai, na tumeandika tarehe ya kipimo kijacho kwenye kalenda moja ukutani: asubuhi, bila kula, maabara ileile, wote wawili.